Chumvi imezidi kwenye chungu cha Nonna, nami kila Ijumaa nasema "tamu"

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Huwa naisoma safu yako kimyakimya, na sikudhani kama siku moja ningekuandikia habari ya sahani ya tambi. Wenye mizigo mizito kuliko wangu wanisamehe. Lakini jambo hili limeninyima raha karibu mwaka mzima, na sasa linataka kunikosanisha na binti yangu.

Mji wetu ni mdogo na mgahawa wa Kiitaliano ni mmoja tu. Ni wa familia. Mama mtu ndiye mpishi, mwanawe anahudumia meza na kushika hesabu, mkwe wake huja mwisho wa wiki kukata mkate na kuosha vyombo. Meza hazizidi kumi na mbili. Yule mama tunamwita Nonna, yaani bibi kwa Kiitaliano. Mji mzima unamwita hivyo, hata wazee wenzake. Kwao ni upande wa Bologna, na anapika vya kwao: tambi pana za tagliatelle anazokanda mwenyewe asubuhi kwa unga na mayai, ragù, yaani mchuzi wa nyama unaotokota kwa saa nyingi juu ya moto mdogo, lasagne za kijani ambazo mchicha umekandwa humo humo kwenye unga, na tortellini, vifuko vidogo vya tambi vilivyojazwa, zinazoelea katika supu nyepesi wanayoiita brodo.

Mimi na mke wangu tumekula pale kila Ijumaa kwa miaka 22. Meza yetu ni ile ya dirishani, na hakuna anayeikalia siku hiyo hata tukichelewa. Binti yetu alianza kukaa pale akiwa kwenye kiti kirefu cha watoto. Alipolazwa hospitali akiwa na miaka sita, Nonna alimpelekea chupa ya brodo yenye tambi ndogondogo za pastina, siku tisa mfululizo. Mtoto alikuwa anakataa kila kitu, lakini ile alikunywa. Nilipotaka kulipa, Nonna alinifunga mdomo kwa kiganja chake chenye unga. Nakueleza haya ili ulijue deni nililo nalo.

Mumewe Nonna alifariki mwaka jana. Yeye ndiye aliyekuwa akikaribisha watu mlangoni. Tukifika mapema tulimkuta anatoka jikoni na kipande cha mkate alichochovya kwenye ragù, anatafuna taratibu huku amefumba macho, kisha anarudi ndani kumwambia mkewe neno moja au mawili. Baada ya msiba walifunga wiki tatu, wakafungua tena. Sote tulifurahi.

Tangu hapo, Mama, chumvi imezidi.

Mwanzoni nilisema ni huzuni, itapita. Haikupita. Na kinachonichanganya ni kwamba si kila siku. Kuna Ijumaa chakula kinakuja sawasawa kabisa, kama zamani, nami nashusha pumzi nikisema yamekwisha. Ijumaa inayofuata nakunywa glasi tatu za maji kabla sijafika nusu ya sahani. Wanandoa waliokuwa wakikaa meza ya jirani hatuwaoni tena. Mke wangu ana presha, na mwaka jana daktari alimtaka apunguze chumvi, kwa hiyo nyumbani tumepunguza sote na tumezoea. Ndiyo kusema sahani ya Nonna kwake ni jambo la afya pia.

Sasa sikia nilivyojifunga mwenyewe. Kila Ijumaa, jikoni kukipoa, Nonna anatoka na aproni yake, anasimama kwenye kila meza na kuuliza chakula kikoje. Nami nasema, "Tamu, Nonna, kama kawaida." Siku hizi kwetu anauliza mara mbili. Anauliza, najibu, anainamisha macho kwenye sahani, halafu anauliza tena. Zamani nilikuwa nafuta sahani kwa mkate mpaka inang'aa, Waitaliano wanaiita scarpetta, na yeye alikuwa akiiona sahani hiyo anacheka. Siku hizi mkate unabaki na mchuzi unabaki.

Mwezi uliopita nilifanya jambo ambalo bado linaniuma. Mke wangu alishindwa kumaliza lasagne. Nilipoona Nonna anakuja, niliikomba ile sahani haraka nikaitia kwenye mfuko wa plastiki chini ya meza. Nonna akaona sahani tupu. Uso wake ulivyong'aa, Mama! Akarudi jikoni mwenyewe, akatuletea kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, na kukataa tusilipie. Nilikila chote mimi. Mke wangu alinyamaza njia nzima mpaka nyumbani.

Kuna mambo mawili yaliyonifanya nishike kalamu. La kwanza ni mwanawe Nonna. Wiki mbili zilizopita alinifuata nje nikiwa nawasha gari, akaniuliza, "Wewe ni mtu wetu, niambie ukweli, mama amechoka?" Nikajibu kwamba sijaona tofauti. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna mtu anataka kununua lile jengo, na nikaogopa kwamba neno langu ndilo litakalomtoa yule mama jikoni mwake.

La pili ni binti yangu. Siku hizi anaishi mji mwingine, na amechumbiwa. Tulikubaliana tangu zamani kwamba karamu ya uchumba itafanyika kwa Nonna, na Nonna anajua. Ameshaniambia atakanda tortellini za watu 30 kwa mikono yake. Imebaki wiki sita. Binti alikuja juzi, tukaenda kula, akaisukuma sahani baada ya vijiko vichache. Nyumbani akaniambia, "Baba, siwezi kuwaketisha wakwe zangu mbele ya chakula kile. Tutafute ukumbi." Nikamwambia hana shukrani. Hajanipigia simu tangu siku hiyo.

Nimwambie nani, na niseme nini? Au ninyamaze, niendelee kunywa maji?

Mteja wa meza ya dirishani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usiombe radhi kwa kuniandikia habari ya tambi. Mtu aliyekula kwenye meza moja kwa miaka 22, akapelekewa chupa hospitalini siku tisa mfululizo, amejenga undugu pale. Undugu unapoingia uongo, hata ukiwa uongo wa huruma, mtu hukosa usingizi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekuta kitu ambacho mara iliyotangulia kilinipita.

Nikikuelewa vizuri, umesimama katikati ya watu wanne. Kuna mama anayekudai ukweli na kukudai heshima kwa pamoja. Kuna mwanawe aliyekuomba ushahidi. Kuna binti yako anayetaka siku yake isiharibike. Na kuna mkeo, ambaye nitamrudia mwishoni. Kwa wote wanne jibu lako limekuwa moja: "tamu, kama kawaida." Na kadiri unavyolisema ndivyo linavyokuwa gumu kulirudisha, kwa sababu ukisema kweli leo utaulizwa ya miezi kumi na moja iliyopita.

Kabla hatujafika kwenye nani aambiwe nini, naomba tuangalie pamoja jambo ambalo barua yako imelichukulia kuwa limeshajulikana, yaani kwamba ulimi wa Nonna umechoka. Hujasema hivyo wazi, lakini ndiyo hofu iliyo chini ya kila mstari. Huenda ni kweli. Umri unapokwenda, pua hupoteza nguvu, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha huletwa na pua. Dawa nyingi wanazotumia wazee nazo hubadilisha ladha mdomoni. Mafua makali yanaweza kuiacha pua imelala kwa wiki au miezi. Mpishi wa namna hii huongeza chumvi kwa nia njema kabisa, maana kwake chungu kinaonja dufu.

Lakini umeniambia jambo jingine ukalipita haraka. Nyumbani mmepunguza chumvi tangu mwaka jana, na mmezoea. Kuzoea huko ni kitu halisi: mtu akikaa wiki kadhaa hadi miezi michache akila chumvi kidogo, ulimi wake hubadilika, na chakula alichokuwa akikiona sawa huanza kumwashia. Huenda sehemu ya mabadiliko haya imekaa mezani kwako. Sisemi yote. Binti yako haishi kwenu na yeye pia aliisukuma sahani, na ushahidi huo una uzito. Hao wanandoa wa meza ya jirani, je, uliwauliza kwa nini hawaji? Watu huacha kuja mgahawani kwa sababu nyingi, nyingine hazihusiani kabisa na chungu. Nataka tu ukienda kusema neno kwa mtu, uende ukijua ni kipi umekiona na kipi umekikisia.

Halafu kuna hili la Ijumaa nzuri na Ijumaa mbaya. Hili ndilo lililonikalisha usiku.

Ukifungua kitabu cha mapishi cha Kiitaliano, vitu vingine vyote vina kipimo, lakini ukifika kwenye chumvi mara nyingi utakuta herufi mbili tu: q.b., yaani quanto basta, kiasi cha kutosha. Hata ragù ya huko kwao Nonna, ambayo mwaka 1982 mapishi yake yaliandikishwa rasmi katika Chemba ya Biashara ya Bologna, chumvi yake imeachiwa anayepika. Kiasi cha kutosha kinajulikana kwa kuonja, na kwa chakula cha upande ule kuonja ni kazi kubwa kwa sababu chumvi inaingia kwa milango mingi. Wapishi wengi hutia gramu 10 kwa kila lita ya maji ya kuchemshia tambi. Ndani ya ragù kuna pancetta, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Ndani ya tortellini kuna prosciutto, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na jibini ya Parmigiano, vyote viwili vya chumvi, na juu ya sahani jibini inanyunyizwa tena. Sufuria ikikaa motoni jioni nzima maji yanapungua na chumvi inabaki, kwa hiyo ragù iliyokuwa sawa saa kumi na moja inaweza kuwa imepita kiasi saa tatu usiku. Mpishi akikosea mlango mmoja tu, sahani nzima inapotea. Siku nyingine anaupatia, na wewe unashusha pumzi.

Sasa turudi kwa yule mzee. Uliniandikia kuwa alikuwa akitoka jikoni na mkate uliochovywa, anatafuna amefumba macho, kisha anarudi kumwambia mkewe neno moja au mawili. Wewe uliiona kama mazoea ya mzee mwenye njaa. Mwanangu, nadhani ile ilikuwa kazi. Nadhani lile jikoni lilikuwa na ndimi mbili, na moja imezikwa mwaka jana. Mpishi anayesimama juu ya mvuke siku nzima ulimi wake hupoa kwa kuonja onja. Anahitaji mtu anayetoka nje, anavuta hewa, anarudi na mdomo msafi. Kwa miaka mingi Nonna alikuwa naye. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa, mimi nasoma barua tu. Lakini kama ndivyo, basi unachokionja kwenye sahani ile ni nafasi ya mumewe, na "mama amechoka" ni maelezo yasiyomtosha.

Na huzuni yenyewe huondoa ladha. Nilipofiwa na mume wangu, chakula kilikuwa kama majani makavu mdomoni kwa miezi, na watoto wangu wanakumbuka mboga zangu za wakati ule. Hakuna aliyeniambia. Nilikuja kujua baadaye kwamba walikuwa wakibadilishana sahani wakidhani sioni. Nilikuwa naona. Iliniuma zaidi kuliko kama wangesema, lakini pia nakiri kwamba mwezi wa kwanza nisingeweza kuyasikia maneno hayo kutoka kwa mtu yeyote. Nakuambia yote mawili kwa kuwa yote mawili ni kweli.

Ndiyo maana nakuuliza: una hakika Nonna hajui? Mama anayesoma sahani kama wewe unavyosoma barua, aliyekuwa akicheka akiona umeifuta kwa mkate, anaona sasa mkate umebaki na mchuzi umebaki, anakuuliza mara mbili. Mtu anayeuliza mara ya pili jibu la kwanza halikumtosha. Na siku ile uso wake uling'aa kwa sahani tupu, nadhani uling'aa kwa namna ya mtu aliyekuwa amekaa na hofu muda mrefu. Nalisema hili si kukuongezea uchungu. Nalisema kwa kuwa huenda mlango unaouogopa yeye ameshauacha wazi kidogo, kila Ijumaa, kwa lile swali lake la pili.

Tuangalie basi njia ulizo nazo, na kila moja ina mwiba wake.

Kuna kumjibu mwanawe. Alikuuliza kwa heshima, na inawezekana kabisa anauliza kwa sababu anampenda mama yake na hana wa kumsaidia kuona. Hilo la jengo ni maneno uliyoyasikia. Hujui kama yeye anataka kuuza, wala kama swali lake lina uhusiano na hayo. Ukimwambia unampa nafasi ya kurekebisha mambo kimya kimya ndani ya nyumba yao, pamoja na kumpeleka mama kwa daktari, kwani ladha ikibadilika ghafla wakati mwingine kuna sababu inayotibika. Mwiba wake ni huu: ukishamwambia yeye, neno limetoka mikononi mwako. Na Nonna akija kujua kwamba chungu chake kilijadiliwa penye gari, na mtu aliyekuwa akimwambia "tamu" usoni, sijui ataumizwa na lipi zaidi. Kama utachagua njia hii, kuna tofauti kubwa kati ya "mama amechoka" na "tangu baba yako aondoke, nani anaonja?" La pili linamwachia mama jikoni lake.

Kuna njia ya presha. Mnaweza kusema mke wangu amekatazwa chumvi, mtupunguzie. Ni kweli, haina aibu, na ni haki yake mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na sahani moja ya aina ile inaweza kula sehemu kubwa ya hizo. Hili nadhani mngeweza kulisema hata kama chumvi isingezidi. Lakini usilitwishe mzigo usio wake. Ragù inapikwa asubuhi, haiwezi kupunguzwa chumvi mmeshaketi. Kumpikia mkeo sufuria ya peke yake ni kumwongezea kazi mama aliyeelemewa. Tena sahani yenu ikipona, za wengine zitabaki vilevile, nawe utarudi kwenye ukimya uleule ila sasa ukiwa na chakula kizuri mbele yako.

Kuna kuacha kwenda. Katika mji wenu kiti kitupu cha dirishani Ijumaa kitasema kuliko barua. Na kuna wale wanaoandika maoni mtandaoni bila jina. Najua hukulitaja, nalitaja kwa kuwa kuna mtu atakushauri hivyo. Katika mgahawa wa meza kumi na mbili hakuna asiye na jina.

Kunyamaza na kuendelea nako ni njia, sitakudanganya. Watu wengi huichagua wakasubiri, na mara nyingine huzuni hupungua na mkono hurudi. Ila wewe una wiki sita, na una mke mwenye presha.

Halafu kuna kumwambia Nonna mwenyewe. Naona hii ndiyo uliyoizunguka barua nzima bila kuigusa. Mwiba wake unaujua: unaweza kumvunja moyo mtu ambaye moyo wake umevunjika mwaka jana. Sina uhakika wa kukupa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mahali na saa vina maana. Ijumaa usiku, mbele ya meza nyingine, amesimama na aproni na jasho, si saa yake. Asubuhi anapokanda, mikono ina kazi na macho yana pa kutazama, mtu husema na kusikia mambo kwa urahisi zaidi. Na si lazima uanze na chumvi. Unaweza kuanza na mumewe. Muulize alikuwa akimwambia nini alipokuwa akirudi ndani na ule mkate. Huenda akakueleza mwenyewe yote haya kabla hujafungua mdomo. Huenda pia akalia na yasisemwe mengine siku hiyo, nawe ukarudi nyumbani na neno lako. Sioni kama hiyo itakuwa hasara.

Kuna hatari moja ya njia hii ambayo nataka uiangalie sana, kwa kuwa wewe ni mtu mwema na utavutwa nayo: usijitolee haraka kuwa mwonjaji wake. Nafasi ile mlangoni inaonekana tupu kwako, lakini kwake bado ina mtu. Kama kuna wa kuijaza, pengine ni mwanawe au mkwe wake, na wao ndio wa kuamua pamoja naye.

Kuhusu deni. Umeniambia zile siku tisa ili nielewe kwa nini huwezi kusema. Nimezifikiria siku tisa zile kwa namna nyingine. Alipeleka kitu ambacho mtoto alikihitaji, si kitu cha kumpendeza baba yake. Ukitaka kulipa deni la namna hiyo, jiulize yeye sasa anahitaji nini, na kama "tamu" ndicho anachokihitaji, basi endelea. Sikushiki kwa hili. Kuna siku binadamu anahitaji kweli kuambiwa tamu.

Binti yako nadhani ulimwonea kidogo. Hakusema Nonna hafai. Alisema hawezi kuwaketisha wakwe zake mbele ya chakula kile, na chakula kile wewe mwenyewe unakunywea glasi tatu za maji. Ulichukia kwa sababu alisema kwa sauti ulichokificha kwenye mfuko wa plastiki. Mpigie simu wewe, usimsubiri. Na kuna jambo moja la kawaida kabisa kwenye shughuli hii ambalo nashangaa hakuna aliyelitaja: karamu ya watu 30 huonjwa kabla. Wenye shughuli huja siku moja, mpishi huwapa kidogo kidogo vile atakavyopika, wanasema hiki kiongezwe, hiki kipunguzwe. Siku ya kuonja, neno "chumvi" ni neno la kazi, halina lawama ndani yake. Na yule aliyeinywa brodo ile kitandani akiwa na miaka sita ana haki zaidi yako ya kuketi na Nonna na kijiko mkononi. Njia hii nayo ina kasoro zake. Binti akiwa na hasira, ulimi wake unaweza kuwa mkali. Na Nonna anaweza siku hiyo kupika kwa uangalifu wote, ikaja sawasawa, halafu siku ya watu 30 mambo yakawa mengine. Mtaamua ninyi kama mnaweza kuishi na hatari hiyo, au kama mtaomba jambo dogo zaidi kwake, tuseme zile tortellini tu, na mengine yatoke kwingine bila kumvunjia ahadi yake.

Nimesema mke wako nitamrudia. Umenieleza daktari alimwambia nini, ulikomba nini kwenye sahani yake, na kwamba alinyamaza njia nzima mpaka nyumbani. Maneno ya binti umeninukulia, ya mwanawe Nonna umeninukulia, hata kiganja chenye unga umenionyesha. Kwenye barua nzima hakuna neno hata moja alilolisema mkeo. Yeye ndiye anayekula chumvi ile, na yeye pia amekaa dirishani pale miaka 22. Kabla hujaenda jikoni kwa mtu yeyote, keti naye umuulize usiku ule alikuwa amenyamazia nini.